Anwani ya Nyumba ya Kware

Kwa miaka tisa Deonandan Mahto alikuwa akitafuta nyumba moja, na kila alipofuata anwani yake kwa uaminifu alijikuta ndani ya bwawa la nyati.

Nyati walikuwa wa Ghoghan Yadav, bwawa lilikuwa la Ghoghan Yadav, na kicheko cha kwanza, kila mara, kilikuwa cha Ghoghan Yadav. Deonandan alikuwa akitokea kijijini Pilkhawan asubuhi, mwavuli kwapani, midomo ikichezacheza kwa kuhesabu hatua, akikata mashamba ya dengu kuelekea kusini-mashariki bila kupinda hata kwa ajili ya mbuzi. Hatua ya elfu tatu na mia mbili ilimfikisha majini hadi magotini. Hapo alisimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, akaandika kitu kwenye daftari.

"Baba Posta," Ghoghan alimwita kutoka ukingoni, "mtawa wako yupo leo, au ametoka?"

"Endelea kukamua, Ghoghan."

"Nakuuliza kwa sababu huyu jike mweusi hajasoma. Akipokea barua atahitaji mtu wa kumsomea."

Deonandan alikuwa amepeleka barua kwa miguu miaka thelathini na minne katika vijiji kumi na saba vya bonde la mto Sakri, na hakuna hata moja iliyorudi Patna na muhuri wa "hajulikani". Kulikuwa na barua iliyoandikwa "kwa yule mjomba mwenye jicho bovu, karibu na mti wa mwarobaini", na ikafika. Kulikuwa na kadi ya harusi iliyoloa mvua mpaka likabaki jina la bwana harusi peke yake, nayo ikafika, ingawa harusi ilikuwa imeshapita na bibi harusi ana mimba. Kwake yeye anwani mbaya ni tusi kwa mpeleka barua, na mtu akitukanwa hujibu.

Sasa nyumba ya Kware ilikuwaje? Mwalimu mkuu wa shule, marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akiletewa vitabu kwa posta, na kwa kuwa Deonandan ndiye aliyevibeba kwenye jua, mwalimu alimlipa kwa chai na kwa kumsomea. Siku moja akamsomea habari za mtawa mmoja wa Uchina aliyepita bonde hilo miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, mguu mosi mguu pili, akiandika kila alichokiona. Mtawa huyo alisema kulikuwa na nyumba ya watawa wa Budha iitwayo nyumba ya Kware, watawa mia mbili, ua katikati, maji matamu. Kisha mwalimu akatoa kurasa nyingine, za Mwingereza mmoja mpima ardhi aliyefuata nyayo za mtawa miaka mia na hamsini iliyopita, akiwa juu ya tembo. Mwingereza aliandika kwamba ameiona: mwinuko mkubwa wa matofali, maili moja na nusu kusini-mashariki ya kijiji cha Pilkhawan, na kwamba angekaa zaidi, ila tembo aliumwa tumbo. Jina la mwinuko hakuliuliza, au labda alimuuliza tembo.

Deonandan aliziona kurasa zile jinsi mpeleka barua anavyoiona bahasha. Kijiji kipo. Upande upo. Umbali upo. Aliyekosekana ni mwenye nyumba tu. Mwalimu alipofariki alimwachia kurasa zenyewe, na Deonandan alipostaafu akaanza kazi.

Mwaka wa kwanza watu walimwonea huruma. Mwaka wa pili walimpa jina: Posta wa Nyati. Wazee wa kijiji aliowauliza kama Pilkhawan imewahi kuhama walikasirika kabisa; mmoja alisema Pilkhawan ilikuwa pale pale tangu mungu Rama alipokuwa mtoto mchanga, na mwingine akasema hata kabla. Basi kosa haliwezi kuwa la kijiji. Akalaumu hatua zake, akazipima upya kwenye barabara kuu kati ya jiwe la maili na jiwe la maili, akazikuta sawasawa. Akamlaumu tembo.

Mke wake, Phulmati Devi, hakumlaumu mtu. Alikuwa na lake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiuza samli, na fedha ya samli hiyo aliiweka kwa ajili ya nyumba. Nyumba waliyokuwa wakiishi, ya udongo, iliingiwa na mto kila mwezi wa Bhado, mvua zinapopamba moto. Waliinua kitanda juu ya matofali manne, wakakaa kitandani na kuku na jiko, wakingoja Sakri ajisikie kuondoka. Phulmati alitaka nyumba mahali pa juu, yenye sakafu kavu na mlango wa chuma wa buluu. Hakutaka zaidi ya hapo. Mwaka uliopita alikuwa amenunua kiwanja ng'ambo ya mto, mwinuko wa ovyo uliojaa vigae, hapaoti hata mbigili, ndiyo maana mwenyewe alimwachia kwa bei ya huruma. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Mara tatu alimwomba mumewe aende akaone.

"Wiki ijayo, Mama Gudiya," Deonandan alisema kila mara. "Wiki hii nina kazi bwawani."

Kisha mwezi wa Baisakh, katikati ya kiangazi, ikafika barua ya kweli. Idara ya mambo ya kale kule Patna ilikuwa ikiandikisha magofu yote ya jimbo. Afisa angefika Pilkhawan siku ya Alhamisi kutazama eneo ambalo Bwana Deonandan Mahto ameiandikia idara barua ishirini na sita kulihusu. Baada ya hapo daftari la wilaya lingefungwa. Deonandan aliisoma barua amesimama, akaisoma amekaa, akapiga pasi sare yake ya zamani ya posta. Angekuwa na jibu Alhamisi, au nyumba ya Kware ingebaki kuwa mzaha wa Ghoghan Yadav mpaka siku ya kiama.

"Alhamisi afisa," alisema Phulmati, akichambua mchele. "Na Ijumaa kuhani anakuja kubariki msingi wangu. Wiki yetu nzuri, Baba Gudiya. Kila mtu na nyumba yake."

Jumatano, kwa nyongeza ya vurugu, mpwa wao alikuwa akiolewa. Alasiri Deonandan alirudi kutoka bwawani, ameloa kama kawaida, na hakukuta mwanamke hata mmoja kijijini. Mkewe alikuwa ameondoka na ufunguo wa sanduku lenye zile kurasa, umefungwa kwenye pindo la sari yake. Wanaume waliokuwa wakisokota tumbaku kivulini walimwambia wanawake wamekwenda kuchimba udongo wa harusi.

Kila harusi wanawake huenda kuchimba udongo wa kujengea meko ya bibi harusi, na mwanaume haendi. Si kwamba amekatazwa na serikali. Amekatazwa na masikio yake. Huko ndiko nyimbo zinakoimbwa za kuwatukana wanaume mmoja mmoja, kwa jina na kwa kiungo, na mwanaume mwenye akili hataki kuzisikia. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kujua wanakwenda wapi hasa. Lakini Deonandan alitaka ufunguo, na siku iliyobaki ilikuwa moja, kwa hiyo akafuata ngoma.

Ngoma zilimvusha mto. Sakri wakati huo ni mchanga mtupu, unawaka chini ya kandambili. Ng'ambo, nyuma ya mianzi, aliwakuta arobaini hivi, sari nyekundu na za manjano, wamezunguka shimo, na katikati shangazi yake mzee, Bibi Sugiya, asiye na jino hata moja, akiongoza wimbo:

"Mwenzetu anaye mume, hulala akihesabu;
hatua elfu tatu, mkewe hana jawabu."

Phulmati alikuwa akicheka mpaka ameshika magoti. Ndipo wakamwona. Donge la kwanza la tope lilimkuta begani, na la pili kifuani, na baada ya hapo hakuhesabu tena.

"Shemeji kajileta mwenyewe," alisema mke wa mdogo wake, akimpaka tope shavuni bila haraka. "Wenzio huwa tunawaimba wakiwa mbali. Wewe umetupunguzia kazi ya kupaza sauti."

"Nimefuata ufunguo," Deonandan alisema, tope likimdondoka puani. "Mama Gudiya, nipe ufunguo niondoke. Na kwa nini mnakuja kuchimba huku kote? Kijijini hakuna udongo?"

Bibi Sugiya alimtazama kwa masikitiko. "Mwanangu, udongo wa bibi harusi unachukuliwa kwao. Utachukua kwa watu baki?"

"Kwao ni Pilkhawan."

"Na hapa ni wapi?"

Deonandan alijifuta tope machoni, akatazama mianzi.

"Hii ndiyo Pilkhawan," alisema bibi. "Ile mnayokaa ni ya juzi. Mto ulipokula nyumba, bibi wa bibi yangu alivuka na meko kichwani. Hapa palikuwa mlango wao. Pale kisima. Bibi yangu alinionyesha nilipoolewa, nami nimewaonyesha hawa. Ninyi wanaume hamkuonyeshwa?"

"Wanaume walisema tangu enzi za Rama."

"Wanaume," alisema Bibi Sugiya, na wanawake wote wakacheka mpaka mpiga ngoma akadondosha fimbo.

Deonandan alimgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nimekuja hapa harusi sitini."

"Miaka tisa naingia bwawani, Mama Gudiya."

"Hukuniuliza habari za kijiji. Uliniuliza kama nimeona tembo."

Deonandan hakungoja ufunguo, kurasa alizijua kwa moyo. Alisimama pale palipokuwa mlango wa bibi wa bibi, akatazama jua, akageuza kifua kusini-mashariki, akatoa mguu wa kushoto. Moja. Mbili. Na wanawake wa Pilkhawan, ambao walikuwa na ngoma, na udongo wa kutosha, na hawakuwa na haja ya kurudi kupika mapema, wakamfuata.

Hapajawahi kuonekana upimaji ardhi wa namna ile. Mbele alikwenda mzee wa posta aliyepakwa tope mpaka kope, midomo ikicheza. Nyuma yake wanawake arobaini wakimhesabia kwa sauti na kumpoteza kwa makusudi. Yeye akisema mia saba na moja, wao wakisema mia tisa. Bibi Sugiya alibebwa mgongoni na mkwewe, akipiga makofi. Walikatiza shamba la vitunguu la mtu asiyewajua, mwenye shamba akatoka na fimbo, akatazama, akaiweka fimbo chini akajiunga. Deonandan alikuwa akicheka na kulia pamoja na hakukosea hata hatua moja. Miguu iliyopeleka barua miaka thelathini na minne haihitaji masikio.

Elfu tatu mia moja tisini na nane. Tisini na tisa. Mia mbili.

Alikuwa amesimama juu ya mwinuko. Chini ya miguu yake vigae vilivunjika kwa mlio mdogo mkavu. Mbele yake kulikuwa na mtaro mpya wa msingi, na kando ya mtaro matofali yaliyopangwa vizuri, ya ajabu, makubwa kama sinia ya kulia wali, bapa, mekundu ya kukolea. Ndani ya mtaro ukuta wa zamani ulionekana ukikunja kona, ukatengeneza chumba kidogo, kisha kingine pembeni yake, kisha kingine. Alipiga magoti akagusa. Hakuwa amewahi kuwa na furaha kama ile, hata alipooa.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo nyumba ya Kware. Mama Gudiya, njoo uone, nani huyu aliyechimba mtaro hapa katikati?"

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Alipoinua uso aliwaona wanawake wote wakitazama chini, na mkewe akitazama yale matofali.

"Mimi," alisema Phulmati. "Hiki ni kiwanja changu. Nilidhani Mungu amenipa matofali ya bure."

Jioni ile walikula mikate na biringanya ya kuchoma harusini, kila mmoja upande wake, na walipolala kila mmoja alijua mwenzake yu macho. Wote wawili walijua: mahali pakiandikwa kwenye daftari la idara, hakuna atakayeweka hapo hata tofali moja juu ya lingine. Kabla ya adhuhuri Ijumaa kungekuwa na msingi, au kungekuwa na nyumba ya Kware.

Alhamisi asubuhi Phulmati, akijifanya amelala, alimtazama mumewe akifuta viatu. Alivifuta mara tatu. Kisha akakaa kizingitini amevishika mapajani, akitazama alama ya maji ya mafuriko ukutani, ile ya mwaka juzi iliyofika juu ya kalenda. Kisha akavivaa akaondoka bila kuchukua zile kurasa.

Afisa Tabassum Ara alikuwa msichana mrefu mwenye kofia ya jua na kamera mbili, aliyesafiri tangu alfajiri kwenye gari la jeep lisilo na springi. Deonandan alimpokea kwa heshima zote, akampa maji na unga wa dengu uliokorogwa na limau, akamwongoza kusini-mashariki kutoka kijijini, hatua elfu tatu na mia mbili, mpaka bwawani.

"Ni hapa," alisema.

Afisa alitazama bwawa. Bwawa lilimtazama, kwa macho ya nyati kumi na moja.

"Mzee Deonandan, umetuandikia barua ishirini na sita."

"Nilikosea hesabu, binti yangu. Mzee ni mzee. Andika hakuna kitu."

Ghoghan Yadav alikuwa ukingoni na ndoo yake. Alikuwa ameandaa mzaha kwa siku hii tangu Jumatatu, mzaha mzuri, wa nyati na kofia. Alimwangalia Deonandan usoni, akanyanyua ndoo na kuondoka kimya. Afisa alikaa juu ya jiwe, akafungua daftari kubwa, akavua kifuniko cha kalamu.

Ndipo ngoma zikasikika.

Walitokea kwenye dengu wote arobaini, na sari za jana, na Bibi Sugiya mgongoni, na mbele yao Phulmati Devi, tofali kubwa kama sinia kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Alilitua juu ya daftari la serikali kwa kishindo.

"Bi Afisa, usiandike," alisema, akihema. "Huyu mzee leo amepeleka barua nyumba isiyo yake, kwa makusudi. Miaka thelathini na minne hajafanya hivyo. Anaweza kuugua."

"Mama Gudiya," Deonandan alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba yako."

"Najua ninachosema. Wewe ungekaa ndani ya hiyo nyumba?"

"Ningekaa."

"Ungekaa, ndiyo, na kila tofali ungelitazama kama mtu aliyeiba barua ya mwenzake. Nami ningekuwa nakutazama wewe. Nimevumilia kuku kitandani, Baba Gudiya, hilo silivumilii." Akajifuta jasho kwa pindo, na labda si jasho peke yake. "Bhado tutapandisha kitanda. Mwaka huu matofali matano."

Afisa alikuwa amelipakata tofali, akilipapasa pembe kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Aliuliza tu, "Yako wapi mengine?"

Alipofika juu ya mwinuko alishuka mtaroni na kofia yake, akapima kwa utepe, akapiga picha, akazunguka mwinuko wote akirudi nyuma, akajikwaa, akacheka peke yake. Mwishowe alikaa ukingoni mwa mtaro miguu ikining'inia na akaanza kujaza daftari. Nyumba ya watawa, ya matofali. Umri, zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Akawaeleza kwa upole kwamba msingi hautawezekana; kwamba serikali huenda ikafikiria fidia, siku moja. Aliposema siku moja wanawake wote wakacheka, naye akacheka.

"Fomu inataka jina la mahali kwa wenyeji," alisema. "Mnapaitaje?"

Watu walitazamana. Hapakuwa na jina. Deonandan alitaka kusema Kware, lakini Bibi Sugiya alimtangulia kutoka mgongoni.

"Tunapaita Kwa Phulmati," alisema. "Tangu enzi za Rama."

"Kwa Phulmati," walisema wengine. "Muulize mtu yeyote."

Afisa aliandika, akasoma kwa sauti, na Phulmati akamwomba asome tena. Deonandan alikuwa akimtazama mkewe tu. Phulmati alikuja karibu na daftari, asiyejua kusoma, akaweka kidole palipoandikwa jina lake, akakiacha hapo.

"Ina vyumba vingapi?" aliuliza.

"Kwa ukubwa huu? Arobaini na zaidi, kuzunguka ua."

Phulmati alifikiri. Alitazama mwinuko mzima, kona mpaka kona, kama mtu anayepanga vitanda.

"Basi," alisema, akimwelekezea mumewe kidevu, "kufagia atafagia yeye."